Mdomo wa Kipa

Mtu wa kwanza atakayeniambia kwamba mpira wa ndani ni mchezo wa watoto kwa sababu uwanja wake ni mdogo, nitakunja suruali nimwonyeshe magoti yangu. Ninyi vijana mnaokodi ule ukumbi wa Richardson kila Jumapili mmezoea kuniona nimekaa kwenye benchi na kahawa yangu, nikiwapigia kelele kama shabiki aliyelipa kiingilio. Mmeniomba mara nyingi niwaandikie kidogo kuhusu kazi ile, hasa ninyi wawili mnaogombania glavu. Haya basi, someni. Ila msije mkasema mzee hakuwaonya.

Nilikuwa kipa wa kulipwa wa mpira wa ndani hapa Dallas, kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2020. Kabla ya hapo nilikuwa kipa wa kawaida Tanga, wa uwanja wa vumbi na wavu uliotoboka, halafu mpakiaji mizigo kwenye ghala moja la Mesquite. Miaka ile ya glavu ilikuwa michache, nakubali. Lakini mwili wangu unaihesabu kama thelathini.

Kwa asiyejua mchezo wenyewe: chukua ukumbi wa magongo ya barafuni, tandika zulia la nyasi bandia, weka wachezaji sita kila upande, na sahau kabisa habari ya mpira kutoka. Uwanja umezungushiwa ubao, juu ya ubao kuna kioo kinene, na goli limezama ndani ya ukuta wenyewe. Mpira ukikosa goli hauendi kwa waokota mipira. Unagonga ubao na kurudi, na wewe bado uko chini unajipongeza.

Najua kwa sababu ndivyo nilivyofungwa siku ya majaribio. Mtu alipiga shuti pembeni, nikaruka ile miruko ya Tanga, mwili mzima hewani, watu wangepiga makofi. Sikuugusa mpira. Ukapita, ukagonga ubao nyuma yangu, ukarudi ukanigonga kisogoni na kuingia wavuni. Kocha wa makipa, Mmeksiko mmoja mfupi aliyeitwa Chuy, alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi aliniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba hapa hakuna mpiga picha, kwa hiyo hakuna sababu ya kuruka. Kisha akanifundisha kupiga goti: goti moja chini, mguu wa pili umenyooka pembeni, mikono karibu na nyonga, kifua mbele. Kipa wa ndani hadaki sana. Anajifanya ukuta, halafu anavumilia yanayompata ukuta.

Chuy alikuwa na somo lake moja ambalo sijawahi kulisikia kwa mwalimu mwingine. Alinigeuza nitazame wavu, akasimama nyuma yangu na kapu la mipira, akawa anaipiga ukutani. Kazi yangu ilikuwa kusema mpira umegonga wapi bila kugeuka. Nilidhani ananichezea. Baada ya wiki chache nikaanza kusikia. Ubao unalia kwa kifua, kioo kinalia kwa pua. Ukisikia ubao, jua mpira unarudi chini na kwa kasi, kunja goti mara moja. Ukisikia kioo, unarudi juu, una nafasi ya kuvuta pumzi. Hilo lichukueni bure. Na jingine: pakeni mafuta ya mgando magotini kabla ya kuvaa suruali, maana zulia lile linakukwangua kama nazi juu ya mbuzi. Na vidole vifungwe plasta viwili viwili, msisubiri kimoja kivunjike ndipo mnipigie simu.

Lakini kifaa kikubwa cha kipa wa ndani si goti wala kidole. Ni mdomo. Mchezo ule unakwenda mbio mno, beki wako hana muda wa kugeuza shingo. Anaona kilicho mbele yake tu. Wewe ndiye macho yake ya kisogoni, na macho hayo yako mdomoni. Ukinyamaza, umemwacha kipofu. Na ndani ya ukumbi muziki unapigwa huku mpira ukichezwa, watoto wanagonga vioo kwa mikono miwili, kwa hiyo sauti yenyewe inabidi itoke tumboni.

Beki wangu alikuwa Bahati, Mkongo wa Uvira, kifua kama kabati, mpole kuliko kondoo nje ya uwanja. Tulijuana kule ghalani Mesquite, tukaenda majaribio pamoja, na kwa rehema za Mungu tukachukuliwa pamoja. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani: inua, sukuma, muda wa chakula. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilimwongoza kwa Kiswahili. "Mgongoni!" maana yake kuna mtu anakuja nyuma yako. "Ubao!" maana yake mpira utarudi, usiukimbilie. "Mwache!" maana yake huyo ni wangu.

"Weye ongea tu," aliniambia mapema. "Mi niko nasikia. Macho yangu njo ya mbele, yako njo ya nyuma."

Basi nikaongea. Niliongea misimu miwili na nusu bila kunyamaza. Wapinzani walikuwa wakinikodolea macho, hawajui kama naomba dua au natukana. Nasi tukanogewa. Tulianza na maelekezo, tukaishia kwenye umbea. "Bahati, huyu mnene kashachoka, mwache ajikimbize mwenyewe." "Bahati, huyu mguu wa kushoto ni wa kupandia ngazi tu, mpeleke kushoto." Bahati angecheka huku amemkaba mtu, mtu asijue anachekwa yeye. Chuy hakuelewa hata neno, lakini kila tukiingia uwanjani alinigonga mgongoni na kusema redio isizimwe.

Kila Mswahili wa Marekani ana kisa chake cha dukani. Alimteta mtu kwenye foleni kwa Kiswahili, mtu akageuka akamjibu. Ninyi mnacheka kwa sababu yamewakuta. Mimi changu kilinikuta mbele ya ukumbi uliojaa, kazi yangu ikiwa hatarini.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2020, kabla kumbi zote hazijafungwa kwa ajili ya korona. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mchezo ulikuwa umeanza kubadilika: makocha walitaka kipa anayetoka golini na mpira miguuni, apande kama mshambuliaji wa ziada. Sisi tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo, kijana wa hapa hapa Texas aitwaye Brandon, kipa wa akiba, mwenye miguu ya kucheza popote. Mimi miguu yangu ilikuwa ya kuzuia. Nikitoka na mpira, watu wangu wenyewe walikuwa wanafumba macho.

Kwenye basi tukielekea Houston, Chuy alikuja akakaa kando yangu. Hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema kocha mkuu atabaki na kipa mmoja tu wa mkataba msimu ujao, na ataamua baada ya mechi hii. Alisema amenipigania, na kwamba kilichobaki nimalizie mwenyewe. Kisha akarudi kwenye kiti chake. Tulisimama kwenye kile kituo kikubwa cha mafuta chenye vyoo visafi kuliko nyumba zetu, wenzangu wakanunua nyama ya kukausha na kupiga soga, mimi nikabaki ndani ya basi. Niliogopa, na sioni aibu kuliandika. Ghalani ningeweza kurudi wakati wowote, mikono ninayo. Lakini pale golini ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo watu walinisikiliza nilipofungua mdomo.

Houston walikuwa na mshambuliaji mpya, kijana mrefu mweusi, jezi namba kumi na moja. Nilidhani Mmarekani. Alikuwa akiongea na wenzake Kiingereza kilekile cha kumeza maneno, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa mistari. Sikumjali. Kipindi cha kwanza alitufunga mara mbili, na mara zote mbili kuna kitu kilinisumbua. Mara ya kwanza nilimwambia Bahati amsukume kuelekea ubaoni, na kijana akaingia kati kabla Bahati hajaanza kusogea. Mara ya pili nilipiga kelele "Mwache!" na badala ya kuja kwangu alitoa pasi pale pale nilipopaacha, akarudishiwa, akafunga. Alicheza kama mtu anayejua tunakwenda wapi.

Hadi robo ya mwisho tulikuwa sare, sita kwa sita. Mpira uliposimama kidogo kwa mchezaji aliyeumia, nikamwita Bahati karibu. Kijana alikuwa amesimama hatua chache tu, mikono kiunoni, anatazama upande mwingine kabisa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama ninayeongelea hali ya hewa:

"Bahati, namba kumi na moja kamba ya kiatu imefunguka. Atajikwaa sasa hivi."

Kijana akatazama viatu vyake.

Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri. Alikaa hivyo, ameinama, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nadhani ndipo alipoelewa. Alipoinua kichwa macho yetu yakakutana. Hakutabasamu, wala mimi sikutabasamu. Nilikumbuka yote niliyoyasema tangu mchezo uanze, pamoja na maneno kuhusu miguu yake ambayo sitayaandika hapa.

"Bwana," Bahati akaninong'oneza, "ule mutoto anasikia?"

"Anasikia yote."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Aka! Sasa tutafanya namna gani?"

Kwa Kiingereza? Cha Bahati kisingetosha, na changu kingechelewa, maana mimi nikiogopa huogopa kwa Kiswahili. Kwa mikono? Amenipa mgongo, ataiona vipi? Nikamwambia achunge mwenyewe, mimi nitanyamaza. Refa akapuliza filimbi.

Wanangu, sijawahi kuona dakika ndefu kama zile. Nilikuwa kipa mwenye kelele kuliko wote, sasa nimefunga mdomo, na kila shambulio lilipokuja nilihisi maneno yananipanda kooni nayameza. Bahati alianza kugeuzageuza shingo kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Chuy kwenye benchi alisimama, akagusa sikio lake, akaninyooshea kidole: redio! Nikatikisa kichwa. Niliokoa moja kwa goti, nyingine kwa kifua, ya tatu ikagonga kioo, nikaisikia ikilia kwa pua nikajua nina pumzi moja. Muda kwenye saa ya ukutani ulikuwa karibu kuisha. Nikaanza kujiambia kwamba tutafika.

Ndipo mpira ukagonga ubao upande wa kulia na kumrudia Bahati miguuni. Alikuwa ametazama mbele, na kijana alikuwa anakuja nyuma yake kwa kasi. Nilimwona. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikisema "Mgongoni!" atajua Bahati amejulishwa, atabadilisha upande. Nikasita. Kijana akaunyofoa mpira, Bahati akageuka kwa hofu akamvuta jezi, na wote wawili wakaanguka mbele ya goli langu.

Adhabu ya kosa la namna ile katika mpira wa ndani si penalti mnayoijua. Mpigaji anaanza mbali na mpira miguuni, refa anapuliza, na ana sekunde tano kuja kukufunga. Wewe nawe unaruhusiwa kumtokea. Mtu mmoja kwa mmoja, wengine wote nyuma. Kipa hodari anatoka mbio filimbi inapolia, anajitanua, anamnyima pembe. Chuy alikuwa amenifanyisha hilo mpaka naliota. Kusita ni kufungwa, alikuwa akisema.

Kijana akaweka mpira. Muziki ukazimwa, kama kawaida yao kwenye penalti, na ukumbi mzima ukatulia. Nikaanza kuwaza kwa haraka. Nikimpigia Bahati kelele kwamba namwachia kushoto, kijana atasikia. Lakini anajua kwamba najua anasikia. Basi ataenda kulia. Basi niseme kulia? Lakini atajua kwamba nimelifikiria hilo. Akili ilizunguka hivyo mpaka nikaiambia inyamaze nayo. Nitatoka, sitasema neno, goti chini, kifua mbele. Nilikuwa tayari kwa ujanja wa kila aina.

Filimbi ikalia. Nikatoka. Kijana akaugusa mpira mara moja, akainua uso, akainamisha kichwa kidogo kama aliyesimama mlangoni kwa bibi yake, na kwa sauti safi kabisa akasema:

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Sikuamua kusema. Ninyi mliolelewa na mama wa Kitanzania mnanielewa. Mkubwa akiamkiwa na mtoto anaitikia, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa na deni na baba wa huyo mtoto. Nilivyofunzwa mimi, kuiacha shikamoo ikaning'inia hewani ni kumkatia mtoto baraka. Na huwezi kuitikia huku unakimbia. Mwili wangu wenyewe ulisimama kuipokea salamu. Ilikuwa nusu hatua tu. Kijana akapita upande wa kushoto wa hiyo nusu hatua na kuusukuma mpira wavuni taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini.

Saba kwa sita. Ukumbi ukalipuka, watu wakagonga vioo mpaka nikadhani vitavunjika. Nilibaki nimepiga goti pale pale. Bahati akaja akaniinua kwa kwapa.

"Salehe. Ulimujibu?"

"Aliniamkia."

Alinitazama sana. Kwao Uvira salamu ni "Jambo!" tu, kisha mnaenda zenu. "Mutu anakuja kukufunga, weye unamujibu salamu," alisema polepole. "Ba Tanzania, heshima itabamaliza." Halafu akanikumbatia, kwa sababu alijua habari ya mkataba, na kwa sababu jezi aliyoivuta ilikuwa inamuuma na yeye.

Chuy alitaka kujua kijana aliniambia nini. Nikasema alinisalimu. Na wewe je? Nikasema nilimsalimu. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kwamba jibu limo humo, akaivaa tena. Kisha akaniambia kocha mkuu ananisubiri kwenye chumba cha mwisho nikishaoga. Hakunitazama machoni, na hapo nikajua.

Nilioga polepole. Nilipotoka kwenye ujia, begi begani, nikamkuta mwanamke amesimama pale na sare ya hospitali, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, ametoka kazini moja kwa moja. Nyuma yake alikuwa kijana, namba kumi na moja, ameinamisha kichwa.

"Kaka, samahani, wewe ndiye kipa?" akaniuliza. Lafudhi ya Dar kabisa. "Mimi Mama Ema, huyu ni mwanangu. Tunakaa Alief, hapa hapa Houston. Nili-drive mbio mbio kutoka kazini, nikawahi kile kipindi cha mwisho, nikapata kiti pale kwenye kioo nyuma ya goli lako."

Nikamwambia karibu dada, pole na kazi.

"Kaka, nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe. Muziki ulikuwa umezimwa." Macho yake yalikuwa yameshajaa maji. "Amekuamkia. Huyu toka aingie high school hataki hata neno moja. Namwambia kwa Kiswahili, ananijibu Kizungu. Bibi yake akipiga simu anajifanya amelala. Mimi nimeshakata tamaa, nikasema basi, hii nchi imeshanichukulia mtoto. Kumbe anamwona mtu mzima, hata katikati ya mechi, hata anayeshindana naye, anamwamkia. Kumbe kilikuwemo."

"Mom, please," kijana akasema chini chini.

Nikamtazama. Alinitazama naye, na mara hii hakuwa mchezaji aliyenisoma mchezo mzima. Alikuwa mtoto anayejua kwamba mtu aliye mbele yake anaweza kusema sentensi moja tu na kumvunja mama yake moyo. Alitikisa kichwa kidogo sana, kuniomba.

Kwenye chumba cha mwisho mlango ulifunguka na kocha mkuu akaita jina langu.

Hasira nilikuwa nayo, wanangu, msinifanye malaika. Kazi yangu ilikuwa inakufa nyuma ya mlango ule, na aliyeiua alikuwa amesimama mbele yangu. Lakini yule mama alikuwa akinisubiri niseme kitu, mikono ameiweka kifuani.

"Ameniamkia vizuri sana, dada," nikasema. "Kwa adabu kamili. Umelea."

Mama Ema akajifuta macho kwa kiganja, akaanza kunishukuru, akashindwa kumaliza. Kijana akanyoosha mkono. Nilipoupokea aliushika kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, mjomba," kwa Kiswahili, polepole, kama anayepita mahali penye giza.

Kocha akaita mara ya pili. Nikawaaga, nikaenda.